Nikipumzika naona kama naiba

Shikamoo Shangazi,

Nimekuwa nikikusoma kimya kimya kwa muda mrefu. Leo naandika nikiwa kwenye daladala, maana ndipo mahali pekee ninapokaa bila kuitwa na mtu.

Nina miaka 36, nimeolewa, nina watoto wawili, mmoja darasa la nne na mwingine chekechea. Mume wangu ni dereva wa malori ya masafa, Dar hadi Tunduma na kuvuka Zambia, kwa hiyo kwa mwezi tunakuwa naye siku tano au sita. Mimi ni mhasibu kwenye duka la jumla Kariakoo. Tumepanga Gongo la Mboto.

Saa 10 alfajiri nipo jikoni nakaanga maandazi. Dada wa kazi ananisaidia kusukuma na kukata, kisha anayapeleka kwenye vibanda viwili vya chai. Saa 11 na nusu niko kituoni. Kazini naingia saa 2, natoka saa 12 jioni. Mwanzoni mwa mwezi kabla ya tarehe 7, na tena kabla ya tarehe 20, ndiyo usiseme: ritani za TRA zinanitoa ofisini saa 2 usiku. Jumamosi naingia saa 3 hadi saa 9 alasiri. Mshahara ni ule ule.

Kanisani mimi ni mhazini wa kwaya na katibu wa umoja wa wanawake. Jumanne na Alhamisi mazoezi, nashukia kanisani moja kwa moja nikiwa na begi la kazini. Jumamosi saa 12 asubuhi jumuiya. Jumapili kwaya yetu inaimba ibada zote mbili, halafu mnada, halafu vikao. Nafika nyumbani saa 10 jioni miguu imevimba. Dada anakuwa ameshapika, maana yeye hubaki kuangalia nyumba. Nafua, napiga pasi sare, tunakanda unga wa kesho, nalala saa 6.

Shangazi, mwezi uliopita mambo mawili yalinitisha. Kwanza, nilisinzia kwenye daladala la Chanika, nikazinduka Chanika kwenyewe, saa 3 na nusu usiku, sijui hata nilipitaje kituo changu. La pili ni baya zaidi. Usiku nikilipia unga kwa simu, nilituma shilingi 380,000 za sare za kwaya kwa muuza unga. Bahati ni mtu mwaminifu, alizirudisha kesho yake. Mpaka leo hakuna anayejua, lakini mikono ilinitetemeka siku tatu.

Nikamwendea mwenyekiti wa kwaya kumwambia nataka kupumzika uhazini. Akanijibu, "Mtumishi wa Mungu hachoki." Wanawake wenzangu nao wakanikumbusha Mithali, habari za chungu na mvivu. Nikaona aibu, nikaendelea.

Jumapili moja mvua ilinyesha, sikwenda kanisani. Nililala hadi saa 4. Badala ya kufurahi, nilisikia vibaya siku nzima. Nikipumzika, Shangazi, naona kama naiba. Mkopo wa kikoba umebaki miezi minne, ada ya Januari inakuja. Je, ni dhambi kuacha uongozi kanisani? Na mtu kama mimi anapumzika saa ngapi?

Mchovu wa Gongo la Mboto

*

Marahaba, mwanangu. Pole, na pole tena kwa safari ya Chanika.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nakwama kwenye neno moja: naiba. Nimejiuliza, anamwibia nani? Aliyelala Jumapili ya mvua nyumbani kwake, kwenye kitanda chake, muda aliouchukua ni wa nani? Mtu huru akipumzika anatumia kilicho chake. Anayeiba akipumzika ni mtumwa, kwa sababu muda wote ni wa bwana wake.

Fungua Biblia yako. Amri ya Sabato imeandikwa mara mbili, na sababu zake hazifanani. Kwenye Kutoka 20 tunaambiwa tupumzike kwa kuwa Mungu aliumba kwa siku sita akapumzika ya saba. Hiyo tunaijua wote, tuliikariri Shule ya Jumapili. Lakini kwenye Kumbukumbu la Torati 5 Musa anawarudia amri hizo hizo watu wanaokaribia kuingia Kanaani, na sababu imebadilika: "Nawe utakumbuka ya kuwa ulikuwa mtumwa katika nchi ya Misri." Pumzika, kwa sababu kuna siku ulikuwa huruhusiwi. Hapo pumziko si zawadi ya aliyemaliza kazi. Kazi ya nani iliwahi kuisha?

Na kule Misri, Musa alipomwomba Farao awape watu nafasi wakamwabudu Mungu wao, Farao alijibuje? Kutoka 5: "Wavivu ninyi, wavivu." Akawaondolea majani ya kufyatulia matofali, na hesabu ya matofali akaiacha pale pale. Kwa hiyo ukisikia kichwani mwako sauti inayokuita mvivu kwa kulala hadi saa 4 Jumapili moja ya mvua, usikimbilie kusema ni Roho Mtakatifu. Ichunguze kwanza lafudhi yake.

Sasa nije kwa mwenyekiti wako wa kwaya. Mtumishi wa Mungu hachoki? Mpelekee Yohana 4:6. Yesu amefika kisima cha Yakobo, na Mwinjili anasema wazi kwamba "amechoka na safari yake, akaketi vivi hivi kisimani". Vivi hivi! Wanafunzi wamekwenda mjini kununua chakula, yeye kakaa. Ilikuwa yapata saa sita, na hapa sisi waswahili hatuhitaji mfasiri wa saa: ni saa sita yetu hii hii ya jua la utosi. Kama aliyetuumba alichoka akakaa chini, mwenyekiti wa kwaya anatuambia nini?

Mithali na chungu wake naiheshimu. Lakini yule mvivu wa Mithali amekunja mikono kitandani. Wewe unalala saa 6 usiku na kuamka saa 10, saa nne tu, na mtu mzima anahitaji si chini ya saa saba. Kumsomea mtu wa namna hiyo habari za chungu ni kumpa mgonjwa dawa ya jirani. Wangekusomea Zaburi ya 127: "Kazi yenu ni bure, mnaoamka mapema, na kukawia kwenda kulala, na kula chakula cha taabu, Yeye humpa mpenzi wake usingizi."

Lakini nisikuache kwenye aya tu, maana aya hazilipi marejesho ya kikoba. Tufanye hesabu, wewe si mhasibu? Jumatatu hadi Ijumaa, saa 2 hadi saa 12, ukitoa saa moja ya chakula, ni saa 9 kwa siku, saa 45 kwa wiki. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaishia hapo hapo: saa 45. Maana yake kila saa unayokaa ofisini Jumamosi ni ya ziada, saa sita kila wiki, na usiku wa kabla ya tarehe 7 na tarehe 20 nao unaongezeka juu yake. Saa za ziada zinalipwa mara moja na nusu, na hazitakiwi kuzidi 50 katika wiki nne. Unawapigia wengine hesabu za kodi hadi senti, lako mwenyewe hujalipigia. Nenda kwa bosi na karatasi, si na machozi. Mwambie achague: alipe, au Jumamosi mbili kwa mwezi ubaki nyumbani. Wafanyabiashara wengi wakionyeshwa gharama huchagua ya pili. Na likizo yako ya siku 28 kwa mwaka, hujaitaja popote. Ipo? Ichukue Desemba, baba watoto akiwepo.

Maandazi usiyaache kwa sasa. Najua kuna washauri wangekwambia "punguza shughuli, mtegemee Bwana", halafu wao ada ya Januari hawailipi. Mkopo umebaki miezi minne, kaanga miezi minne. Ila Jumapili hapana. Shule zimefungwa, vibanda vya chai vinauza nusu, na faida ya Jumapili moja ukiitoa mkaa na mafuta haifikii kiasi cha kujiua kwa ajili yake. Unga wa Jumatatu ukandwe Jumapili jioni baada ya jua kuzama, si kabla.

Mimi nimekulia Usangi, Upareni. Kwetu Jumapili jembe halikushikwa. Mama alikuwa hajui neno lolote la kitheolojia, lakini Jumamosi mchana alitutuma kuni za siku mbili, maji ya siku mbili, na jioni sufuria kubwa la makande likabandikwa, likachemka hadi usiku. Jumapili tulikula hayo hayo, ya moto asubuhi, ya kiporo jioni. Nimekuja kuelewa ukubwani kwamba yule mama alikuwa akifanya Kutoka 16: siku ya sita okota mana maradufu, siku ya saba usitoke, hutaikuta. Pumziko lake lilianzia kwenye kuni za Jumamosi. Majirani zetu Wasabato hadi leo wanatushinda kwa hili. Ijumaa wanaiita siku ya maandalio, na jua likizama vyungu vimeshaepuliwa. Sisi wa Jumapili tunaamka asubuhi ndiyo tunatafuta soksi. (Sitaki barua za kubishana siku ipi ni ipi. Nimesema kuhusu maandalio tu.)

Kwa hiyo kufua na kupiga pasi kuhamie Jumamosi jioni, au Ijumaa, hata kama ni kidogo kidogo. Mtoto wa darasa la nne anaweza kupiga kiwi viatu vya nyumba nzima. Na baba watoto akirudi safari, najua naye amechoka, barabara ya Tunduma si mchezo, lakini siku tano au sita anazokuwepo mkae chini mgawane. Akilala hadi saa sita mchana nina hakika hakuna anayemsomea habari za chungu.

Umeniuliza kama ni dhambi kuacha uongozi. Si dhambi. Katika Kutoka 18 Musa alikuwa amekaa tangu asubuhi hadi jioni akiamua kesi za watu, na aliyemwambia "Jambo hilo ufanyalo si jema" hakuwa malaika, alikuwa mkwewe, Yethro. Akamwambia atajidhoofisha yeye na watu walio pamoja naye. Sikia hiyo ya pili: na watu walio pamoja naye. Dawa yake ilikuwa wakuu wa maelfu, wa mamia, wa hamsini na wa kumi. Kwaya yenu ina waimbaji wangapi, na mhazini ni lazima awe wewe kwa kuwa ni mhasibu? Mimi nilikuwa mzee wa kanisa miaka kumi na mbili. Nilipojiuzulu nililia nikidhani mtaa utaanguka. Wiki ya tatu nilikuta kiti changu kina mtu, na mahesabu yamenyooka kuliko yangu. Nikaumia kidogo, nikaenda nyumbani nikalala.

Achia cheo kimoja kati ya viwili, na ningekuwa wewe ningeachia uhazini. Tena ukauache kwa ukweli. Zile 380,000 mwambie mwenyekiti, mwambie na mchungaji, mweleze ilikuwaje na zilirudije, na muamala uwaonyeshe kwenye simu. Hutaaibika kama unavyodhani. Na siku mwenyekiti akirudia kwamba mtumishi hachoki, atakuwa ameshajua bei yake. Kuimba endelea, kama bado kunakufurahisha. Jumanne au Alhamisi, moja tu. Na ibada moja ya Jumapili inatosha. Ukimaliza kuimba ya kwanza, vua joho, shika watoto mkono, rudini nyumbani.

Usitegemee kwamba itanyooka kila wiki. Marko 6 Yesu anawaambia wanafunzi, "Njoni ninyi peke yenu kwa faragha, mahali pasipokuwa na watu, mkapumzike kidogo", kwa kuwa hata nafasi ya kula hawakuwa nayo. Wakapanda chombo. Kufika ng'ambo, watu wamekimbia kwa miguu wamewatangulia, na siku ikaisha kwa kulisha wanaume elfu tano. Pumziko likaharibika. Lakini jioni ile ile aliwatanguliza wanafunzi chomboni, akauaga umati, akapanda mlimani peke yake. Ukiharibikiwa Jumapili moja kwa msiba au mgeni, usiseme basi imeshindikana. Tafuta jioni yako.

Kabla ya yote hayo nenda hospitali. Miguu inayovimba na usingizi wa kukupitisha kituo, usiviite uchovu tu. Wapime presha, sukari na wingi wa damu, na uwaambie unalala saa ngapi. Eliya alipojilaza chini ya mretemu akiomba kufa, malaika hakumhubiria kitu. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale, akamwamsha akampa tena. Maneno yakaja baadaye, mlimani.

Limebaki moja, na hili sitalizunguka, mwanangu, kwa kuwa nakupenda.

Rudi kwenye ile aya ya Kumbukumbu la Torati, mstari wa 14. Mstari huo umetaja wote wasiotakiwa kufanya kazi siku hiyo, hadi ng'ombe na punda, halafu unatoa sababu: "ili mtumwa wako na mjakazi wako wapumzike vile vile kama wewe." Vile vile kama wewe. Sasa angalia barua yako. Saa 10 alfajiri unapokaanga, kuna mtu anasukuma na kukata. Maandazi yakiiva, kuna mtu anayabeba gizani. Jumapili unapoimba ibada mbili, kuna mtu amebaki kuangalia nyumba na kupika. Jumapili usiku mnapokanda, mnakanda wawili. Wewe una Jumapili mbaya. Yeye hana Jumapili. Na sheria ile ile niliyokuhesabia, yenye mapumziko ya saa 24 kila wiki, haikumweka pembeni kwa kuwa anafanya kazi jikoni kwako badala ya Kariakoo.

Najua hukukusudia. Aliyebebeshwa mzigo kichwani haoni vizuri anayemkanyaga. Lakini ukijipangia wewe pumziko kwa kumsukumia yeye kilichobaki, matofali yatakuwa yale yale, umebadilisha mfyatuaji tu. Kwa hiyo unapochora ratiba mpya, anza na siku yake. Jumapili aende kanisani kwake, au asiende, akatembelee ndugu zake, akalale. Makande ya Jumamosi yatawalisha. Na kama ni lazima abaki Jumapili fulani, apewe Jumatano nzima, si nusu, na asiulizwe anakwenda wapi.

Barua yako ina Kariakoo, TRA, mwenyekiti, muuza unga, hata Chanika. Dada umemtaja mara mbili na sijui chochote juu yake, umri wala kwao. Ukiniandikia tena baada ya mwezi, nieleze alikwenda wapi Jumapili yake ya kwanza, na umfikishie salamu zangu.

Shangazi